Barua ya wazi kwa wakubwa wa Goma: Mwalimu aliomba kuambiwa tu

Kwa Mheshimiwa Gavana, Meya wa mji, maburgumestre wa komini za Goma na Karisimbi, mashefu wa kartie na wa avenyu, na ninyi nyote mnaosimamia ulinzi wa raia na tahadhari ya volkano.

Wakubwa wetu, salamu kutoka kwenye mtaa wetu, kartie ya Majengo.

Nawaandikia juu ya mtu ambaye wengi wenu hamkumfahamu. Alizaliwa haoni. Alifariki kiangazi kilichopita, kitandani kwake, huku wanakwaya aliowafundisha wakipokezana zamu za kumuuguza. Familia yake imenipa ruhusa ya kusimulia maisha yake ila imeniomba nisitaje jina, nami nimekubali. Kartie nzima tulimwita Mwalimu, basi na hapa ataitwa hivyo.

Siandiki kwa niaba ya chama wala ya upande wowote wa vita. Yeyote aliyekaa leo kwenye kiti cha kuongoza mji huu, na yeyote atakayekaa kesho, ndiye ninayesema naye.

Mwalimu alizaliwa miaka michache baada ya uhuru wa Kongo wa 1960, Goma ikiwa bado mji mdogo wa kando ya ziwa. Mama yake aliona mapema kwamba mboni za mtoto zina weupe, na kwamba hageuki akiletewa taa. Majirani walisema amelogwa. Wengine wakasema mama alimcheka kipofu akiwa na mimba. Miaka mingi baadaye, Mwalimu akiwa tayari na mvi, daktari wa macho alimweleza kwamba ule ulikuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao. Wakati mwingine huletwa na rubela ikimpata mama mjamzito, wakati mwingine hurithiwa katika ukoo, na mara nyingi sababu haipatikani kabisa. Alimweleza pia kwamba mtoto kama huyo hupasuliwa katika wiki na miezi yake ya kwanza, kwa kuwa ubongo hujifunza kuona mapema sana. Muda huo ukipita, hata jicho likisafishwa, ubongo haujui tena la kufanya na mwanga unaoingia.

Katika Goma ya siku zile pengine mama yake asingepata mpasuaji wa kazi hiyo. Lakini hata habari yenyewe hakuipata. Alikufa akiamini kwamba ni yeye aliyemharibia mwanawe macho. Upofu wake Mwalimu hakuwahi kuulilia mbele yangu. Jambo hili la mama yake alililia.

Shuleni hakupelekwa. Aliketi chini ya dirisha la darasa la ndugu zake akashika kwa masikio alichoweza, nyimbo kwanza, kisha hesabu, kisha Kifaransa. Alikuwa kijana mwenye ndevu alipokutana Bukavu na mtu mwingine asiyeona ambaye alimwekea karatasi mikononi na kumwambia, soma. Louis Braille alikuwa amechapisha maandishi yake Ufaransa tangu mwaka 1829, nukta sita tu zinazopangwa na kupanguliwa hadi zikatoa herufi zote, namba na hata noti za muziki. Karibu miaka 150 ilikuwa imepita na kijana wa Goma hakuwa amesikia kwamba kuna kitu kama hicho duniani.

Nilimwona akiandika mara nyingi. Alibana karatasi ngumu ndani ya kibao cha chuma chenye vidirisha, akadunga kwa chuma kifupi chenye kishikio cha mbao, tok, tok, tok, akitoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nundu hutokea upande wa pili, na ukigeuza karatasi ndipo unasoma kushoto kwenda kulia. Karatasi zenyewe zilikuwa kalenda za ukutani za maduka. Karatasi ya daftari ni nyepesi mno, nundu zake hulala baada ya kusomwa mara chache. Kila mwaka ulipokwisha alipita nyumba kwa nyumba akiomba kalenda zilizomaliza kazi, na watu walikuwa wakimtunzia. Nyuma ya picha za magari na za sabuni aliandika nyimbo za kwaya kwa sauti nne, kila sauti na karatasi yake. Mazoezini aliweka vidole vya mkono wa kushoto juu ya nundu, wa kulia juu ya kinanda, na mtu wa sauti ya tatu akikosea hata nusu noti, alimtaja kwa jina papo hapo.

Kutembea ndiko kulikomchosha. Ninyi mnaopita kwa gari mnaijua Goma ya lami. Sisi wa ndani ya kartie tunakanyaga mawe meusi ya volkano, yenye ncha na nyufa, na hakuna mvua wala miguu ya watu inayoyalainisha haraka. Fimbo nyeupe ni chombo kizuri mahali palipo tambarare. Kwetu ncha yake huingia katika ufa ikakwama, na mwenye fimbo anajigonga tumbo kwa mpini wake mwenyewe. Ukiepuka mawe ukapanda kando ya lami, moto, yaani pikipiki, zimepangwa pale zikingoja abiria, chukudu, kigari chetu cha mbao, inashuka na mzigo wa makaa, mama ameweka beseni lake la ndizi. Mwalimu alizijua njia kwa sauti: mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea vyuma, bati la kanisa linalogongagonga upepo ukivuma kutoka ziwani. Mashine ya kusaga ikisimama kwa kukosa umeme, kipande kizima cha njia yake kilipotea.

Watu wema walikuwa wakimkamata mkono ghafla na kumvuta. Aliwajibu kwa upole ule ule kila mara: "Asante mwanangu, lakini usinivute. Niambie kuna nini mbele."

Wakubwa wetu, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Nimeitafakari tangu tulipomzika, nami naona kwamba karibu kila dhiki iliyompata maishani ilikuja kwa sababu kulikuwa na jambo mbele yake na wale waliolijua hawakumwambia. Na mahali ambapo kosa hilo ni la hatari zaidi katika mji wetu ni pale mlimani.

Mwalimu aliishi milipuko mitatu ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Tarehe 10 Januari 1977 alikuwa mvulana. Ziwa la lava la kileleni lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja na kuwakuta watu wa vijiji vya chini ya mlima kabla hawajakimbia. Tarehe 17 Januari 2002 alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikashuka hadi ziwani, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Alivuka akiwa ameshika mkanda wa suruali ya kaka yake, na joto la lava likimpiga shavu la upande mmoja ndilo lililomwambia wapi asigeukie.

Mlipuko wa tatu ni wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Siku hiyo mimi nilikuwa Bukavu, kwa hiyo nasimulia kama yeye na wenzangu walivyonisimulia. Kesho yake ilikuwa Pentekoste na kwaya ilikuwa kanisani ikirudia nyimbo. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Hakuna onyo lililokuwa limetolewa kabla. Mtu alipiga kelele nje, wanakwaya wakatoka kuangalia, na waliotoka hawakurudi ndani. Kila mmoja alikimbilia watoto wake, na nani angewalaumu? Mwalimu alibaki kwenye kinanda akiuliza, "Kuna nini? Kuna nini?" Alisikia viatu vikikimbia, milango, injini za pikipiki, majina ya watoto yakiitwa. Hakuna aliyemtajia kilichotokea, kwa kuwa kila mtu alikuwa akikiona na hakufikiri kwamba kinahitaji kutajwa.

Aliyemwambia ni msichana wa jirani, mtoto wa shule ya msingi, aliyekuwa amekuja kusikiliza mazoezi. "Papa Mwalimu, juu kumekuwa nyekundu upande wa mlima." Hapo Mwalimu aliamka. Alimuuliza: wekundu uko mahali pamoja au umetanda? Unashuka upande wa Buhene au upande wa Munigi? Watu wanakimbilia wapi? Mtoto alitazama na kujibu, yeye aliyeishi milipuko miwili akaamua, na wote wawili wakashuka pamoja kuelekea magharibi, mtoto akitaja mawe na mashimo, Mwalimu akitaja njia za mkato. Walimkuta mama wa mtoto katikati ya umati. Lava ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji, si mbali na uwanja wa ndege.

Sasa sikilizeni kilichotokea siku chache baadaye, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Ardhi ilitetemeka mchana na usiku, nyufa zikafunguka barabarani, wataalamu wakahofia kwamba lava iko chini ya mji na chini ya ziwa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei gavana wa wakati ule, Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba kartie 10 kati ya 18 za Goma zihame, Majengo ikiwemo. Safari hii onyo lilikuja kwa sauti, kupitia redio. Mwalimu alikuwa akilala na redio yake ndogo pembeni ya mto. Alikuwa mtu wa kwanza kuamka katika avenyu yetu. Alitoka na fimbo yake akapita akigonga mbao za nyumba moja baada ya nyingine, akiita kila mwenye nyumba kwa jina: "Amkeni, wametuambia tutoke!" Watu wenye macho mazima waliamshwa na asiyeona. Kisha akashika nyuma ya chukudu iliyobeba magodoro ya familia tatu, akatembea hivyo njia ya Sake hadi wakapata nafasi kwenye lori.

Tarehe 22 hakuambiwa, akabaki mzigo kanisani. Tarehe 27 aliambiwa, akaokoa avenyu. Macho yake yalikuwa yale yale.

Mji wetu una utaratibu wa rangi kwa ajili ya volkano: kijani hali ni ya kawaida, njano tuwe macho, rangi ya chungwa tujiandae, nyekundu tuondoke. Ni utaratibu mzuri na siombi uondolewe, maana asiyesikia anauhitaji kama Mwalimu alivyohitaji redio. Lakini rangi ni habari ya macho. Komunike inayobandikwa ukutani kwenye ofisi ya kartie ni ya macho. Ramani ya njia za kukimbilia ni ya macho, na ujumbe wa picha unaotumwa kwenye simu ni wa macho, kwa kuwa simu inayosoma maandishi kwa sauti haiwezi kusoma maneno yaliyofungwa ndani ya picha. Mwalimu alipata simu kama hiyo uzeeni, zawadi ya wanakwaya, na mara nyingi ilimwambia neno moja tu: "Picha." Akabaki akimtafuta mtu wa kumsomea tangazo la mji wake mwenyewe.

Wala msidhani kwamba naomba kitu kigeni kwetu. Watu wa Goma tunajua kuonyana kwa mdomo tangu zamani. Chukueni mazuku. Hewa ile nzito ya kaboni hutuama katika mabonde na mashimo, huko Mugunga, Lac Vert na kando ya ziwa, haina rangi wala harufu, na huua mtu na mbuzi wake. Mbele ya mazuku hakuna anayeona, si mimi, si ninyi. Kwa hiyo bibi zetu walifanya nini? Walisema. Walimwambia mtoto: bondeni pale usishuke asubuhi na mapema, usilale pale, ukiona ndege wamekufa rudi nyuma. Watu wa huko wamelelewa wakijua kila shimo kwa jina lake. Kwa mazuku tumekubali kwamba macho hayatoshi. Naomba tukubali hivyo hivyo kwa mlima.

Sheria iko upande wake. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi, na inaipa serikali wajibu wa kuhimiza uwepo wake katika taasisi za taifa, za jimbo na za mitaa. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 11 cha mkataba huo kinazungumzia hasa vita na maafa ya asili, yaani maisha yetu hapa. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ogani namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za mtu mwenye ulemavu. Nilimsomea Mwalimu sehemu za sheria hiyo jioni moja, akasikiliza hadi mwisho bila kukatiza, akauliza: "Na shefu wa avenyu, amesomewa?"

Alikuwa mpiga kura mwaminifu. Mwezi wa Desemba 2023 alisimama mstari tangu asubuhi, akafika mbele ya mashine, akaweka kiganja juu ya kioo. Kioo ni laini kote, hakuna nundu, hakuna ukingo, hakuna kitu cha kuambia kidole kiko wapi. Sheria inamruhusu asiyeona kusaidiwa na mpiga kura anayemchagua mwenyewe, na binti yake alimsaidia, nami namwamini binti yake. Bado alirudi nyumbani kimya siku ile, akasema angependa kabla hajafa apige kura moja peke yake. Hakuipata.

Mwezi wa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, umeme na maji vikakatika, watu wengi wa avenyu walijilaza chini ndani ya nyumba yake kwa sababu ukuta wake mmoja ni wa mawe. Aliwasaidia kwa masikio: hii inatoka mbali, hii iko karibu, sasa imenyamaza, mtu mmoja aende kuchota maji. Sitaki kuongeza neno juu ya siku zile. Ninyi mnazijua.

Ombi letu ni hili. Kila rangi ya tahadhari ipewe sauti yake, inayofahamika na kila mtu na kufanyiwa mazoezi kabla ya hatari, kama watoto wanavyoijua kengele ya shule. Makanisa yana kengele, misikiti ina vipaza sauti, kila kartie ina megafoni za kampeni zilizolala makabatini. Mtasema fedha hazipo. Kinachokosekana zaidi ya fedha ni watu kukaa pamoja na kukubaliana: kengele ikilia hivi, maana yake ni hivi. Tangazo lisomwe redioni kwa Kiswahili kwanza, kwa maneno ya sokoni, likitaja njia kwa majina ambayo watu wanayatumia, na lirudiwe usiku kucha. Ujumbe wa simu uwe maandishi au sauti, usiwe picha peke yake.

Kila nyumbakumi awe na orodha ya wasioona, wasiosikia, wasiotembea na wazee wanaoishi peke yao, na mbele ya kila jina liwepo jina la jirani mwenye jukumu la kwenda kumwambia na kuondoka naye. Jirani huyo aulizwe kwanza na akubali. Na mpango wa dharura wa mji unapoandikwa au kurekebishwa, wasioona wawepo mezani tangu siku ya kwanza, si kualikwa siku ya uzinduzi ili wapigwe picha.

Juu ya orodha hiyo mna pa kuanzia. Baada ya 2021 Mwalimu alianza kuiandika mwenyewe, kwa breli, nyuma ya kalenda zake. Alipita avenyu kwa avenyu akiuliza nani hawezi kuamka mwenyewe na nani anaishi mlango wa pili. Kuna bibi ambaye hasikii sikio la kushoto na analala kwa ubavu wa kulia, kwa hiyo agongwe begani. Kuna kijana anayetembea kwa mikongojo ambaye mikongojo yake huwekwa nyuma ya mlango wa jikoni. Kuna pacha wawili wenye ualbino ambao mchana wa jua kali hawaoni mbali. Hakuimaliza, Majengo ni kubwa na miguu yake ilikuwa imechoka, na baadhi ya waliomo wamehama au wamefariki tangu vita.

Karatasi hizo ziko kwangu, familia imeniachia. Alinifundisha kuzisoma. Mkimtuma mtu wa ofisi ya kartie, Jumamosi yoyote baada ya mazoezi ya kwaya, nitazisoma naye aandike, kisha tutapita nyumba hizo pamoja kusahihisha yaliyobadilika. Vijana sita wa kwaya wamejitolea kuendelea na avenyu zilizobaki. Wanachohitaji ni barua yenye muhuri wenu, ili wakibisha mlango jioni wasidhaniwe vibaya.

Tunangoja jibu lenu.

Mwanakwaya na jirani yake Mwalimu,
Majengo, komini ya Karisimbi, Goma